Wamaya wa Oldonyo Sambu na Harage la Nasieku

Niacheni nikae kwanza. Nimesimama mbele ya watoto tangu enzi za Mjerumani mpaka juzi juzi hapa, na magoti yangu yameshasema basi. Mwalimu mkuu wenu alipokuja kwangu Moshono alinikuta nimeloweka miguu kwenye karai. Akasema, "Shikamoo mzee. Tunaomba uwaandikie walimu wetu wapya wa shule ya kati namna ya kuchukua jambo moja na kulifundisha katika masomo yote." Nikaitikia marahaba, nikamwambia namna hiyo ninayo, lakini imeshikamana na jambo jingine ambalo silipendi, na siwezi kutoa moja nikaficha la pili. Akasema nitoe yote. Haya, natoa. Mkichoka kusoma, jueni na mimi nimechoka kuandika.

Ninyi mna vitabu, mna ramani za kutundika, na bado nawasikia mkilalamika kwamba vifaa havitoshi. Mimi ubao wangu ulikuwa mlango wa zamani, nimeupaka masizi na utomvu wa mgomba. Watoto waliandika kwa mkaa juu ya maganda makavu ya migomba, na maganda yenyewe niliyabeba kichwani kutoka kwetu Meru, kwa sababu kule upande wa Oldonyo Sambu, nilikopelekwa kufundisha watoto wa Waarusha, kulikuwa na mahindi, ng'ombe na vumbi tu. Mmeru akikaa wiki nzima bila ndizi anaanza kuwa mkali bila sababu. Naomba radhi kwa wote niliowafokea mwaka ule wa kwanza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mjerumani wa misheni. Jina lake lilikuwa refu na gumu, watu wakamwita Bwana Mahindi, kwa kuwa hakupita penye moto wa mtu akaacha kuomba hindi la kuchoma. Alikaa misheni, mwendo wa nusu siku kutoka shuleni kwangu, na mara moja kwa wiki alikuja na punda wake kunikagua. Mtu mpole, ila msahaulifu. Siku moja alifika akitafuta miwani yake darasa zima, na miwani iko puani. Watoto walimwangalia tu, hakuna aliyemwambia, wanataka waone mwisho wake.

Huyo ndiye aliyeniletea Wamaya. Alikuwa na picha moja, imekunjwa mara nne, ya jengo la mawe lenye ngazi, refu kuliko miti ya msitu unaolizunguka. Akaniambia, "Yakobo, hawa walikuwa watu wa ng'ambo ya bahari, weusi-weusi wa maji ya kunde. Hawakuwa na chuma, hawakuwa na farasi wala mkokoteni. Wakajenga hivi. Wakahesabu nyota kwa miaka mamia bila kukosea." Akasema katika mji mmoja wa kwao Ujerumani kuna kitabu cha hao Wamaya cha magome ya mti, kimekunjwa mkunjo kwa mkunjo, na yeye alipokuwa mtoto alipelekwa kukitazama nyuma ya kioo, akalia alipoambiwa muda umekwisha. Kisha akashusha sauti. "Wenzangu hawapendi niwafundishe haya. Wanasema ni kupoteza muda."

Niliposikia wenzake hawapendi, mimi ndipo nilipopenda.

Mimi, kijana wa Kimeru, niliyekuwa nikiambiwa kila siku kwamba kabla ya Mzungu kufika hatukuwa na lolote, nilitazama ile picha mpaka macho yakaniuma. Nikasema watoto wangu watawajua watu hawa kabla hawajamjua Kaizari. Na kwa kuwa picha ilikuwa moja na masomo mengi, nikawaingiza Wamaya katika kila somo, na hiyo ndiyo namna mliyoniomba. Kwenye kilimo nilianza na hindi, maana hindi ni la kwao, ndio waliolilima kwanza. Loo! Siku hiyo nilikiona. Bibi mmoja alinifuata shuleni na jembe begani: "Wewe Mmeru wa ndizi, nani kakwambia mahindi yangu ni ya watu wa ng'ambo? Mimi niliyapata kwa mama yangu!" Nikamwambia hayo ni ya zamani sana, bibi. Akasema mama yake naye ni wa zamani sana.

Kwenye masimulizi niliwaambia kwamba Wamaya walisema mtu wa kwanza alifinyangwa kwa unga wa mahindi. Darasa likacheka, mtoto mmoja akauliza, "Basi wewe mwalimu ulifinyangwa kwa ndizi?" Kwenye dini mwinjilisti wetu akanikalisha chini saa nzima kuhusu udongo wa Adamu. Nikamwambia nimewaambia walivyosema wao, sikusema nasadiki. Akanisamehe, lakini kwa wiki kadhaa hakuniachia zamu ya kuomba. Hilo halikuniuma sana, maana sala zake na zangu zote zilikuwa ndefu.

Sasa hesabu. Hapa sikilizeni, maana hapa ndipo yote yalipo.

Waarusha hawahesabu watu. Hawanyoshi kidole wakasema mmoja, wawili, watatu juu ya watoto, wala juu ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi ukimwuliza ni wangapi atakuangalia kama uliyemtukana. Kuhesabu ni kuita balaa. Na siku zile balaa ilikuwa na miguu kabisa, kwa maana watu walishaona: anapita mtu na karatasi, anahesabu nyumba, anahesabu vijana, na baada ya siku chache vijana wale wanaitwa kubeba mawe. Hata kwetu Meru tuna miiko ya namna hiyo. Nilijua. Naomba mlishike hilo neno, nilijua.

Lakini misheni ilitaka daftari la mahudhurio, kila siku watoto wangapi. Nikatafuta njia. Nikatundika kibuyu mlangoni. Kila mtoto akija asubuhi anatumbukiza harage moja, akiondoka analitoa lake. Mimi nahesabu maharage, simhesabu mtoto. Wazazi wakaja, wakakichungulia kile kibuyu, wakasema maharage hayana shida. Walimu wapya, chukueni hili: kabla hamjaleta njia yenu, ulizeni wenyeji wana njia gani ya kuzunguka.

Na Wamaya wakaingia hapo hapo kama waliitwa. Namba zao ni nukta na fimbo. Nukta moja ni moja, fimbo ni tano, na zikifika ishirini unapanda ghorofani, nukta ya juu inakuwa ishirini. Mahali pasipo na kitu wanachora gamba, mfano wa gamba la konokono. Watoto wa Waarusha, ambao wana mkao wa vidole kwa kila namba tangu wakiwa mgongoni, walizikamata siku moja. Nikaacha kuandika daftari kwa tarakimu za Kizungu, nikawa nachora nukta na fimbo, na kila mtoto aliweza kulisoma daftari langu. Siku ya mvua kubwa, asipokuja mtu, nilichora gamba. Walipenda gamba kuliko yote. Waliniambia, "Leo mwalimu umefundisha konokono."

Aliyewashinda wote alikuwa Nasieku, binti wa Mzee Lemburis, wa miaka kumi na miwili hivi. Baba yake hakupenda shule. Alimwachia mwaka mmoja tu, na akaniambia mbele ya ng'ombe zake, "Mwalimu, huyu ndiye macho yangu. Nakupa mwaka. Akipatwa na jambo kwako, usije kuniambia habari ya Mungu wenu." Nikasema hatapatwa na jambo. Nasieku alikuwa mbishi. Nilipowaonyesha ile picha ya jengo, wengine walistaajabu urefu, yeye akauliza, "Hayo mawe nani aliyabeba?" Bwana Mahindi alikuwepo siku hiyo. Akavua miwani akaifuta. Nasieku akauliza tena, "Walihesabiwa kwanza?" Bwana Mahindi akasema tuendelee na kuchora.

Basi, kukatangazwa mgeni. Mkubwa fulani wa Kijerumani anazunguka kutazama shule, na shule itakayoonekana haina maana itafungwa. Bwana Mahindi alikuja siku mbili kabla, ana wasiwasi, akaniambia nimwonyeshe mgeni jambo la kumkaa kichwani. Nikaona siku yangu imefika. Wazazi nao nikawaalika, waje waone watoto wao.

Mgeni akaja na buti, na kitabu kidogo mfukoni. Nikawatoa watoto saba uwanjani. Mmoja nikamsimamisha juu ya kichuguu, huyo ni ishirini. Watatu wakalala chini, hao ni fimbo, kumi na tano. Watatu wakasimama, hao nukta. Namba ya Kimaya iliyo hai! Na kwa nini nilichagua thelathini na nane? Kwa majivuno tu. Ndio waliokuwa kibuyuni asubuhi ile. Ningeweza kuonyesha idadi ya siku, au magunzi, au mawe ya njiani. Nikachagua watoto.

Mgeni hakuelewa. Nikamweleza: bwana, hii inasema thelathini na nane, ndio watoto wa shule hii. Akacheka, akamwambia Bwana Mahindi jambo kwa Kijerumani, kisha akaniuliza, "Una hakika? Thibitisha."

Mtoto wa Kimaasai na wa Kiarusha akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, nawe unakigusa kwa kiganja. Ndiyo salamu yao, na ndiyo baraka. Kila asubuhi niliwasalimia hivyo mlangoni. Sasa nilipoanza kupita mstarini nimenyosha mkono, watoto wakainamisha vichwa, maskini, wakidhani nawasalimia. Nikagusa cha kwanza nikasema moja. Nikagusa cha pili nikasema mbili. Kwa sauti, kwa Kiswahili safi, ili mgeni asikie. Nilipofika kumi nikaona akina mama wamesimama. Nasieku alikuwa wa thelathini na moja. Yeye peke yake hakuinama. Alinitazama usoni akasema taratibu, "Mwalimu, acha." Na mimi, Mungu anisamehe, nikaweka mkono kichwani pake nikasema thelathini na moja.

Sikuacha mpaka mwisho. Mgeni akatoa kitabu chake kidogo akaandika. Akasema shule nzuri. Hata hajapanda farasi, wazazi walishachukua watoto wao, na uwanjani nimebaki mimi, Bwana Mahindi na punda.

Kesho yake kibuyuni mlikuwa na maharage matatu. Keshokutwa nilichora gamba, na haikuwa mvua.

Nilitembea nyumba kwa nyumba. Wengine walinikaribisha maziwa bila kunijibu, na hiyo ni mbaya kuliko matusi. Wazee wakasema nilete kondoo jike, wafute ile hesabu. Nilimwomba baba yangu kondoo, nikavuka naye mlima mzima akinivuta upande wake na mimi wangu. Bwana Mahindi nilipomwambia, alisema, "Mwinjilisti akiniuliza, mimi sijaona kondoo yeyote." Wazee wakafanya walilofanya, na mimi nikasimama mbele yao nikaapa: hesabu ile imekufa, haitafika popote. Kwa Mzee Lemburis nilirudi mara nne. Mara ya nne akasema, "Umeapa?" Nikasema nimeapa. Akamwita Nasieku.

Wakarudi. Taratibu, lakini wakarudi, na mahindi yakawa yamekua kumpita mtu mzima. Nilifurahi sana wiki ile. Nafikiri sijawahi kufurahi hivyo tena kazini.

Ndipo akaja nyapara. Alikuwa wa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa kule chini, ambaye yule mgeni alilala kwake baada ya kutoka shuleni kwangu. Ana watu wanne, kiboko, na karatasi. Kahawa imeiva, mikono haitoshi, na karatasi inasema shule ya Oldonyo Sambu ina watoto thelathini na nane. Namba ile ile. Niliishika ile karatasi, nikaisoma mara mbili. Nilikuwa nimeapa haitafika popote, na imefika mpaka huku, na watoto niliowabembeleza mmoja mmoja warudi wamekaa nyuma yangu kwenye magogo.

"Watoe uwahesabu," nyapara akasema.

Nikamwambia, "Hapa hatuhesabu watoto."

"Ala! Imeandikwa wewe ndiye uliyewahesabu."

"Aliyewahesabu alikuwa mjinga. Hayupo."

Nikasimama mlangoni, nikaongea. Loo, niliongea! Nikamweleza habari za Wamaya, za nukta na fimbo, za mahindi, nikamwuliza habari za kwao, maneno yote aliyonipa Mungu nikayamaliza pale, na nyuma yangu nasikia watoto wanatoka kwa dirisha mmoja mmoja na kuingia kwenye mahindi. Nasieku ndiye aliyewapitisha, wadogo kwanza. Nyapara alipogundua, alinipiga. Viboko vitatu, si hamsa ishirini, vile ishirini na tano vya Mjerumani, msije mkanikuza. Alipoingia ndani darasa lilikuwa tupu.

Lingeishia hapo. Lakini kibuyu kilikuwa mlangoni, kimejaa maharage ya asubuhi ile, na Nasieku akakikumbuka. Akiwa keshaingia kwenye mahindi, salama kabisa, akarudi. Nilimwona akikirukia kibuyu, akakipindua, maharage yakatawanyika vumbini kwa kuku, ili yule mtu asiwe na cha kuhesabu. Wakamkamata mkono wake ungali ndani ya kibuyu.

Walimchukua huyo mmoja.

Jioni nilifungua daftari. Sijui kwa nini, mkono ulizoea tu. Nikatazama kibuyu, kitupu. Nikachora gamba.

Kwa Mzee Lemburis nilikwenda mwenyewe, sikutuma mtu. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Akaniuliza jambo moja, "Ulijua, au hukujua?" Ningeweza kusema mimi ni mgeni, Mmeru, mtu wa misheni, sikujua. Nikasema nilijua. Akasema, "Nenda." Bwana Mahindi alipanda punda akashuka mpaka shambani kumwombea yule binti, akarudi kesho yake hana kofia, akaniambia kwamba amejibiwa atamaliza msimu. Hakuniambia kofia ilikwenda wapi.

Alimaliza msimu. Alirudi amekonda, kucha zimekatika, na baba yake hakumwacha tena akanyage shuleni, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwomba. Nilimwona njiani mara mbili tatu amebeba kuni. Aliinamisha kichwa nimguse, kwa adabu. Nilishindwa kunyosha mkono. Kisha vita ikaja, Bwana Mahindi akaondolewa pamoja na Wajerumani wenzake, akaniachia ile picha. Waingereza wakaja na madaftari yao yenye mistari, tarakimu zao, na mkaguzi aliyeniambia Wamaya hawamo kwenye mtaala. Nikasema ndiyo bwana. Niliendelea nao kimya kimya, kwenye kilimo.

Na nimefundisha hivyo, ninyi wanangu, kila shule niliyopelekwa, mpaka Engutoto, kibuyu mlangoni. Wakaguzi wote waliniona mshamba. Kila walipoomba nipange watoto mstarini niwahesabu, niliwapa kibuyu. Lililokuwa na maana kwangu siku zile ni mgeni aridhike. Mkiandika namba ya watoto mahali, jiulizeni karatasi ile italala kwa nani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, siku ya kuandikisha wapya, alikuja mama mmoja mtu mzima, shanga masikioni, ameshika mkono wa mjukuu wake wa kike. Nilimjua kabla hajasema. Hakunisalimia kwa maneno. Alikitazama kibuyu, akafungua fundo la khanga, akatoa maharage. Akampa mtoto moja, mtoto akalitumbukiza. Kisha akatumbukiza la pili yeye mwenyewe.

Nikamwambia, "Nasieku, mtoto ni mmoja."

"Hilo lingine si la leo," akasema. "Ni la siku ile niliyochukuliwa. Niliporudi kutoka shambani nilipita shuleni kwa siri, nikalisoma daftari lako, mwalimu, ulipoliacha juu ya gogo. Ulichora gamba." Akainamisha kichwa chake chenye mvi mbele yangu. "Nilikuwepo."

Safari hii nilinyosha mkono.